Blanketi la Mgeni

6 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo haukusumbui sana. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nifungwe, na usiichukulie kuwa tumepatana. Nina shida na sina mwingine wa kumwambia. Nina mimba ya miezi saba. Ni ya mume wangu, kabla hajanifukuza, kwa hiyo usianze kuhesabu kwa vidole. Mahakamani nilikuwa nayo tayari, nimeificha chini ya shati pana.

Hapa gerezani mtoto anakaa na mama yake mpaka atimize miezi tisa, halafu anatoka. Blanketi za hapa zinawasha na zinanuka dawa ya kunguni. Nataka kumshonea lake mwenyewe, la viraka, kama yale uliyokuwa ukiwashonea wateja wenye wajukuu.

Kushona sijui. Unajua mwenyewe nilivyokuwa nikiikimbia cherehani yako. Za hapa ni za kushonea sare tu, hawaniruhusu kuzigusa. Nimepewa ruhusa ya sindano moja ya mkono. Naichukua saa nane mchana, narudisha saa kumi, na bibi wa stoo anaihesabu. Mkasi haturuhusiwi kabisa, kwa hiyo ukate wewe. Nitumie vipande na uzi, uniandikie na namna ya kufanya, taratibu, kama unamfundisha mtu asiyejua sindano inaingia upande gani.

Usije kuniona. Tuma vipande tu.

Ni mimi,
Bintiyo


15 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Hali yako je, na huyo mgeni tumboni? Anacheza? Miguu imevimba? Wakikusimamisha foleni ndefu, omba ukae, usione haya.

Na wewe ofisa unayefungua barua hii kabla ya mwanangu, hujambo? Mungu akubariki katika kazi yako. Humu hamna siri ila za mshono.

Mwanangu, nimelia. Mimi ninayekisia kiuno cha mtu tangu akiwa mlangoni, nilisimama hatua tano kutoka kwako mahakamani na tumbo sikuliona. Sikuliona kwa sababu sikuthubutu kukutazama.

Basi tuje kwenye kazi. Nimekata vipande arobaini na viwili, kila kimoja inchi tano kwa tano. Vitakaa sita kwa upana, saba kwa urefu. Vyote ni pamba, nimevifua na kuvipiga pasi kwanza ili visije vikasinyaa mtoto akishalikojolea. Vile vya maua ya njano ni mabaki ya gauni la mwalimu mkuu. Juzi kaja juu kwa juu, "Fundi, gauni lako limesinyaa!" Nikamwambia, "Mwalimu, gauni liko vile vile, wewe ndiye umeneemeka." Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kabla ya kushona chochote, tandaza vipande vyote kitandani uvipange. Chenye giza kikae na chenye mwanga, vinavyofanana visigusane. Sogeza, badilisha, ondoka kidogo, rudi utazame tena. Ukiridhika, chukua viwili vya mwanzo uvilaze uso kwa uso, mgongo wa kitambaa uwe nje. Kwenye kila kipande nimekuchorea mstari wa penseli, robo inchi kutoka ukingoni. Shona juu ya mstari huo huo. Mishono iwe midogo kama punje za mchele, na kila baada ya minne urudi nyuma mmoja, ili uzi ukikatika mahali usifumuke wote. Mwisho piga fundo mara tatu. Ukishaunganisha sita, hiyo ni safu moja. Safu usiziunganishe mpaka uniandikie.

Nakuombea asubuhi na jioni, nakutaja kwa jina.

Mamako


2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Uko salama? Sisi wawili tuko salama, huyu anapiga mateke kama ana kesi na mimi.

Vipande vimefika. Safu mbili ziko tayari, ila ya pili imeizidi ya kwanza kwa kidole kizima. Mwanamke tunayelala naye chumba kimoja, tunamwita Shangazi kwa kuwa anamsema kila mtu, alizishika akazinyanyua kwenye mwanga. "Hili ni blanketi au ngazi?" Nikamwambia ni blanketi. "Basi mtoto atalala huku anapanda." Chumba kizima kilicheka, na mimi pia. Niambie nifanye nini.

Lakini kuna jambo lazima nilitoe, maana kila nikiufuata mstari wako wa penseli linanijia. Siku ile mahakamani walikuonyesha kile kitambaa kilichonasa kwenye uzio wa ghala la mume wangu. Kilikuwa kimeungua nusu. Bluu tupu, inauzwa kila duka. Ungesema hivyo tu, inauzwa kila duka, na usingekuwa umesema uongo. Hakuna aliyekuuliza zaidi. Wewe ukakigeuza ndani nje, ukautazama mshono, ukasema, "Huu ni mkono wangu. Nilimshonea binti yangu."

Ulikuwa unajivunia, Mama. Nilikuona usoni.

Mimi sikujua kama mlinzi amelala mle ndani. Nilitaka mali ya mume wangu iungue, basi. Nilisema mahakamani na hapa sitarudia tena.

Bintiyo


12 Agosti

Kitinda,

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo. Ofisa wetu naye hajambo? Msalimie.

Ni kweli. Nilipoona jinsi pindo lilivyokunjwa, nilifurahi kuutambua mkono wangu kabla akili haijafika. Ilikuwa furaha ya kufumba na kufumbua, lakini ilikuwepo, na wewe uliiona. Nimeipeleka mbele za Mungu mara nyingi kuliko dhambi yangu yoyote. Ila nisikudanganye, hata bila furaha hiyo ningesema. Nilikuwa nimeshika Kitabu mkononi, na yule mlinzi alikuwa na mke na watoto wanne.

Mkewe bado anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Juma lililopita kaniletea sketi ya shule, zipu imekufa. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

"Nasikia binti yako mjamzito."

"Kweli."

"Mungu amfungue salama." Akaangalia mashine inavyokwenda. Kisha akasema, "Wangu wote walizaliwa baba yao yuko nje ya mlango, anauliza kila dakika kama bado."

Nilimaliza zipu, akaipandisha na kuishusha mara mbili, akasema imekaa vizuri, akaenda.

Sasa ngazi yako. Mstari hukuufuata, usinibishie, nawajua wanaojifunza. Ukichoka unashona nje ya mstari ili umalize haraka. Fumua safu ya pili. Kufumua si aibu, nami nafumua mpaka leo. Ingiza ncha ya sindano chini ya mshono mmoja, unyanyue, ukate uzi kwa meno, uruke mitatu, unyanyue mwingine. Usivute kwa hasira, pamba inachanika.

Safu zote saba zikiwa sawa, zilalie wiki nzima chini ya godoro, maana pasi huna. Kisha laza safu ya kwanza na ya pili uso kwa uso, na kabla ya kushona piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu ambayo utaitoa baadaye. Tazama sana pale viungo vinapokutana. Mikunjo ya ndani ya safu ya juu ielekee kushoto, ya chini ielekee kulia, vikae kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Hapo pembe zitakutana zenyewe.

Usishone ukiwa na njaa.

Mamako


9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimejifungua tarehe mbili, mtoto wa kiume. Nilipata homa siku nne, sasa imeshuka. Yeye ni mzima, analia sauti nene. Jina bado, wote wanamwita Mgeni.

Safu zote zimeungana. Pembe zimekutana isipokuwa tatu. Shangazi ametazama akakosa la kusema, ikambidi akohoe.

Nitumie vya ndani na vya chini.

Bintiyo


18 Septemba

Mama Mgeni,

Sasa na wewe ni mama, na mimi ni bibi. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimepiga magoti. Asante Mungu. Homa isipuuzwe, ikirudi piga kelele mpaka waje. Maziwa yanatoka? Kunywa uji na maji mengi, hata kama hujisikii.

Mzigo huu una vitu viwili. Kile kinene ni blanketi langu la pamba la tangu ujana, limelainika vizuri, hilo litakaa katikati. Cheupe ni shuka jipya la upande wa chini. Weka blanketi kuukuu chini kabisa. Juu yake tandaza shuka, uso wake ukutazame wewe. Juu ya shuka weka viraka vyako, uso ukitazama shuka. Najua inaonekana kinyume, niamini. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje, kama miale ya jua, vitambaa visihame. Shona kuzunguka pande zote, ila upande mmoja uache mwanya wa kupitisha mkono. Ingiza mkono humo, shika pembe ya mbali kabisa, vuta. Blanketi lote litajigeuza, uso utatoka nje. Siku utakayofanya hivyo mara ya kwanza utacheka peke yako. Kisha ziba mwanya, na kila panapokutana pembe nne pitisha uzi mzito mpaka chini, urudishe juu, ukaze fundo. Hapo hata lifuliwe kila siku, halitajikusanya upande mmoja.

Naomba nije nimwone. Usiponijibu hilo, nitaelewa.

Bibi Mgeni, mamako


20 Januari

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Mgeni alikuwa na kifua Novemba yote, tukalala zahanati ya humu wiki tatu, yeye kitandani mimi sakafuni. Amepona. Amejaa mashavu.

Blanketi nimelimaliza. Nilipolivuta kupitia ule mwanya likageuka, nilicheka kweli, bibi wa stoo akaja kuona kuna nini, akaliomba alishike. Mgeni halali bila hilo. Kiraka anachokipenda ni cha maua ya njano, anakinyonya mpaka kinalowa, mwambie mwalimu mkuu.

Kuhusu kuja, bado. Sina hasira kama zamani. Ila nikikuona nitalia, na humu ukianza kulia huna pa kumalizia.

Bintiyo


28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mgongo vipi? Mgeni anakaa mwenyewe, meno mawili chini, ananing'ata.

Wameniletea fomu. Tarehe mbili Juni anatimiza miezi tisa na lazima atoke. Natakiwa niandike jina la ndugu atakayempokea, na huyo ndugu aandike barua ya kukubali. Mume wangu amekwisha sema mtoto si wake. Nimebaki na wewe, na kusema kweli hata angekuwepo mwingine ningekuchagua wewe. Hilo nimeliwaza miezi yote hii, nikiwa na sindano mkononi.

Nina sharti moja. Nimebakiza miaka kumi na moja. Akianza kuuliza, mwambie mama yako yuko mbali, anafanya kazi. Asisikie gereza, asisikie moto wala mlinzi. Nikitoka nitamwambia mwenyewe. Niahidi hivyo, kwa maandishi yako, na jina lako naliandika siku hiyo hiyo.

Bintiyo


8 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba. Mbusu hayo meno mawili kwa niaba yangu.

Nampokea, tena kwa mikono miwili. Nimeshasogeza meza ya kukatia, kitanda chake kitakaa pale kwenye mwanga.

Lakini hilo la pili siwezi kuliahidi. Mke wa mlinzi yuko nyumba ya nne. Watoto wake watacheza na wetu mtaa huu huu. Siku moja mmoja wao atakasirikia mpira, atamwambia mama yako alimuua baba yangu. Mgeni atakuja mbio kwangu, nami nimwambie nini? Kwamba mtoto wa marehemu ni mwongo? Niache nimwambie ukweli kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wake, kwa upendo. Sitakutukana mbele yake hata siku moja. Ila uongo wa miaka kumi na moja, kila siku nikiamka niusuke upya, siujui, na Mungu ananitazama.

Tafadhali nielewe.

Mamako


15 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nakuelewa sana. Ulinielewesha tangu mahakamani.

Wale watoto watasema, sawa, waseme. Lakini asiisikie kutoka kwako. Nataka awe na mtu mmoja duniani anayemwambia mama yake ni mtu mzuri aliye mbali. Ningekuwa na mwingine ningemwomba yeye.

Ndiyo au hapana, kabla ya tarehe mbili. Usiniandikie kuhusu mgongo.

Bintiyo


9 Juni

Mwanangu Kitinda,

Hujambo, na Mgeni hajambo? Nakuandikia haraka, utanisamehe herufi.

Ndiyo. Nitasema uko mbali, unafanya kazi. Akiniuliza kazi gani nitasema unashona, na hapo angalau sitakuwa nimekosea sana. Watoto wa jirani wakisema lolote, nitasema wamechanganya na mtu mwingine. Nimeshazungumza na mama yao. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wangu nitawakanya. Wa kwako hajamchoma mtu." Kisha akaniuliza anavaa saizi gani, ana viatu vya mtoto wake wa mwisho.

Nilifunga na kusali wiki zote hizi nikimngoja Mungu aniambie kwamba uongo huu si dhambi. Hakuniambia. Juzi nilikuwa nakata kola, nikasikia tu moyoni kwamba hata ikiwa ni dhambi, nitaibeba mimi, ni yangu, si ya mtoto. Nikaacha mkasi pale pale nikatafuta karatasi.

Najua ulisema tarehe mbili. Mimi ni fundi, mwanangu. Miaka thelathini nawaambia watu njoo Jumamosi, wanakuja Jumamosi tatu, na nguo zao wanazipata. Nikajiambia tarehe ya ofisi nayo inavutika, wataona mtoto ana bibi, watangoja. Ofisa unayesoma hapa, tafadhali, nakuomba kama mtu mwenye mama, peleka neno hili mezani leo hii. Nakubali. Nimesaini hapa chini kwa jina langu kamili kwenye karatasi ya pili.

Jumatatu nakuja, hata ukikataa kuniona. Nimemshonea suruali tatu kwa kukisia.

Mamako


13 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tisa nimeipata leo. Jumatatu usije.

Mgeni ameondoka tarehe mbili, saa nne asubuhi. Niliomba wangoje mpaka posta ya mchana, wakangoja, hapakuwa na kitu. Yule bwana wa ustawi wa jamii aliniuliza, "Kuna ndugu wa kumpokea?" Nikasema yupo, ila hajajibu. Akaniuliza tena, yupo au hayupo. Nikasema yupo. Akatazama saa yake, akaandika: hakuna.

Amepelekwa nyumba ya watoto. Ni ipi, kwenye karatasi yangu haikuandikwa. Nimeuliza leo kama unaweza kuomba sasa, nimewaonyesha saini yako. Wamesema faili limekwenda mjini, na kule wanaotafuta mtoto wa kulea wako kwenye orodha wanasubiri. Ndugu aliyechelewa anaandika upya kama mtu baki. Andika ukitaka. Mimi sina tena cha kuandika kwenye fomu yoyote, nilishasaini.

Blanketi wamelichukua pamoja naye. Mama mmoja aliyekuja na gari alilikunja vizuri, akalisifu, akaniambia huko nguo za watoto zinafuliwa pamoja na kugawiwa kwa zamu, kwa hiyo nisitegemee litabaki la kwake. Alisema kwa upole.

Sikuandikii ili uumie. Najua ulikuwa unasali. Shangazi amenishika mkono siku kumi na moja sasa, na hajamsema mtu.

Wiki ile ya mwisho alikuwa ameanza kusema ma, ma, ma, akinitazama mimi. Sijui huko anamwambia nani.

Bintiyo